Mulekera: mbwa walioachwa na vita wanatafuta mwenye kujibu kwa ajili yao

Katika komini ya Mulekera, moja kati ya komini nne za mji wa Beni pamoja na Beu, Bungulu na Ruwenzori, kuna waliofika kwa sababu ya vita na ambao jina lao haliandikwi kwenye orodha yoyote. Hawapangi mstari siku ya kugawa unga. Hawana karatasi. Wanaonekana asubuhi mapema, kabla mama wauza mikate hawajapanga meza, wakinusa mahali palipochomwa nyama jana yake. Ni mbwa. Wako waliozaliwa hapa mjini, na wako waliofuata watu kwa mguu kutoka vijiji vya barabara ya Mbau, ya Mangina na ya Kasindi, kisha wakafika mahali ambapo hakuna nyumba iliyowangojea.

Si rahisi kuzungumzia mbwa katika mji kama huu. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni na vijiji vya kandokando wamezika watu wengi waliouawa kwa panga na risasi, na jina la waasi wa ADF limetajwa katika vilio vingi. Mtu aliyepoteza mtoto anaweza kukasirika akisikia habari za mnyama. Anayo haki hiyo. Lakini jambo la mbwa walioachwa si la wanyama peke yao. Linagusa watoto wanaopita njiani kwenda shule, mzee aliyebaki peke yake, na mtaa mzima usiojua ni nani atajibu siku mbwa akiuma.

Familia nyingi hazikuacha mbwa wao kwa ubaya. Milio inaposikika karibu, mama anashika watoto, baba anabeba godoro na sufuria, mtoto mkubwa anabeba mdogo mgongoni. Wanaolala porini usiku wa kwanza wanaogopa kitu kimoja kuliko baridi: sauti. Mtoto akilia anazibwa mdomo kwa mkono. Mbwa hawezi kuelezwa. Akibweka mara moja tu, anaweza kumwonyesha adui mahali watu walipojificha. Kwa hiyo wengine wanamwacha amefungwa nyumbani, wengine wanamfukuza kwa mawe asiwafuate, huku wao wenyewe wanalia.

Kwa upande wa Ituri, wawindaji Wambuti wana mbwa wa aina ambayo wazungu wameiita basenji, mbwa ambaye ni nadra kubweka. Ndiyo sababu wanamfunga kengele ya mti shingoni wanapoenda kuwinda, wapate kujua yuko wapi. Mbwa wengi wa vijiji vya Beni si wa namna hiyo. Walifugwa ili wabweke: kulinda mbuzi, kulinda kakao iliyoanikwa juu ya bashi, kufukuza nyani shambani. Kazi ile ile waliyosifiwa nayo wakati wa amani ndiyo iliyofanya waachwe wakati wa vita.

Mama mmoja mwenye watoto watano aliondoka kwao upande wa Mbau na kufika Mulekera kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu bwana yake. Mbwa wao wa rangi ya udongo aliwafuata kwa mbali, nyuma ya mtu wa mwisho. Kila walipogeuka, alilala chini kama mtu anayetaka asionekane. Walipofika, shemeji alipokea watu wote bila kuuliza swali. Kwa mbwa alikataa.

«Shemeji, watoto hawa ni wangu, tutagawana bugali iliyopo. Lakini mbwa huyu simjui. Akiuma mtoto wa jirani, watakuja kwangu, hawatakuja kwako.»

Mama hakubishana. Aliyepokelewa hachagui. Alimwambia mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka 12, ampeleke mbwa sokoni na amwache huko. Kijana alirudi jioni. Mbwa alikuwa amerudi kabla yake.

Wengi wanamhukumu shemeji wa namna hiyo kwamba hana huruma. Kumbe neno lake lilikuwa la mtu anayefikiri. Hakusema kwamba mbwa ni mchafu, wala hakusema ni mzigo. Alisema kwamba mbwa akiwa kwake, yeye ndiye atakayejibu. Na hapo ndipo shida yote ya mbwa walioachwa ilipo. Mbwa mwenye mtu wa kumjibia ni mlinzi. Mbwa yule yule, akikosa mtu huyo, anakuwa hatari kwa kila mtu, hata kama tabia yake haijabadilika.

Hatari hiyo ina jina: kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi Beni wanauita raje. Virusi vyake vinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa na vinaingia kwa mtu kupitia jeraha la meno, mkwaruzo, au mate yakigusa jicho, mdomo au kidonda. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, 99 kwa 100, wameambukizwa na mbwa. Shirika la afya duniani OMS linakadiria kwamba unaua watu 59.000 hivi kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Mara nyingi dalili zinatokea baada ya miezi miwili au mitatu, lakini zinaweza kutokea baada ya wiki moja, au mwaka mzima ukipita. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Ila kabla ya dalili, mtu anaweza kuokolewa: kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Kupaka pilipili, petroli au majani juu ya jeraha hakusaidii, kunapoteza wakati.

Kuosha kwa sabuni si somo geni hapa. Agosti 1, 2018, Ebola ilitangazwa Mangina, kilometa kama 30 kutoka Beni mjini. Ilipotangazwa kwisha, Juni 25, 2020, ilikuwa imegusa watu 3.470 na kuua 2.287. Wakati ule wakaaji walijifunza mambo mawili kwa uchungu. La kwanza, ugonjwa unakatwa kwa kujua nani alikutana na nani. La pili, chanjo inayozunguka mgonjwa inalinda hata wale ambao hawajaguswa. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa wakati wa mlipuko ule. Raje inashindwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Tofauti ni kwamba wa kuchanjwa kwanza si mtu, ni mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa mahali, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Lakini mara nyingi mtaa ukichoka na mbwa, unafikiri njia ya mkato: sumu ndani ya nyama, au vijana wenye fimbo. Njia hiyo inaonekana kama usafi, lakini haimalizi raje. Mbwa wakiuawa leo, takataka zinabaki, na mbwa wengine wanakuja kula mahali pale pale, nao hakuna anayejua kama walichanjwa. Zaidi ya hayo, sumu haichagui. Inaua mbwa aliyechanjwa na yule ambaye hakuchanjwa, inaua kuku na nguruwe wa jirani, na mtoto anaweza kuiokota.

Mfano mzuri uko kwa jirani, katika kisiwa cha Pemba nchini Tanzania. Huko kichaa cha mbwa kilikwisha mwaka 2014 baada ya kampeni za kuchanja mbwa. Chanjo ikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kisiwani. Waliporudia kuchanja kwa nguvu, ulikwisha tena mwaka 2018. Wapemba hawakumaliza ugonjwa kwa kumaliza mbwa. Waliumaliza kwa kuhakikisha kila mbwa anafikiwa, na mbwa anafikiwa kama kuna mtu wa kumshika wakati sindano inachomwa. Kwa sababu hiyo, kumpatia mbwa aliyeachwa nyumba ni kazi ya afya, si huruma peke yake.

Hapo ndipo shauri la Mulekera lilipopata njia. Shefu wa avenyu, aliposikia mbwa wa rangi ya udongo bado analala nyuma ya jiko la shemeji, aliita nyumba tatu zinazopakana. Hakuuliza nani anampenda mbwa. Aliuliza nani atajibu. Papa mmoja mwenye umri, anayelinda depo ya mbao usiku, alisema mbwa alale naye kazini. Shemeji, aliyekuwa amekataa, alisema atatoa nusu ya pesa ya chanjo, sababu sasa alijua mlango wa kugonga siku ya shida. Watoto wa mama walipewa kazi ya kukusanya mabaki ya bugali na vichwa vya samaki katika nyumba zote tatu. Mbwa alifungwa kamba ndefu chini ya mti wa avoka, na watoto wadogo wakakatazwa kumkaribia mpaka atakapozoea.

«Papa,» mama alimwambia mzee yule, «akikusumbua usimpige. Uite mtoto wangu mkubwa, sauti yake anaijua.»

«Mama, usijali,» mzee alijibu. «Na mimi usiku ni mrefu.»

Swali la chakula halipaswi kufichwa. Wako wanaosema: mtoto amelala na njaa, halafu unamlisha mbwa? Katika familia inayokula mara moja kwa siku, swali hilo ni la haki, na hakuna anayepaswa kuaibishwa kwa sababu ameshindwa kufuga. Lakini mbwa wa mtaani tayari anakula. Anakula takataka za soko, anapasua mifuko, anaiba kuku, anafuata mtoto mwenye mkate mkononi. Nyumba tatu zikigawana mabaki ambayo yangetupwa, hakuna sahani ya mtoto inayopungua. Mbwa mmoja kwa nyumba tatu anawezekana pale ambapo mbwa mmoja kwa nyumba moja hawezekani.

Kuna pia woga ambao watu wanausema kwa sauti ya chini: kwamba mbwa aliyebaki katika kijiji kilichoshambuliwa ameona maiti, pengine amefanya zaidi ya kuona, na hawezi tena kukaa na watu. Woga huo unaeleweka. Lakini mbwa mwenye njaa anakula anachokipata, na baada ya hapo hageuki pepo. Kinachopaswa kuchunguzwa ni afya yake na tabia yake, si kijiji alichotoka. Watu waliohama wanajua vizuri uchungu wa kutazamwa vibaya kwa sababu ya mahali walikotoka.

Katika jimbo hili hili la Kivu Kaskazini, mbwa amekwisha kupewa heshima ya kazi. Tangu 2011, mbuga ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wenye kunusa, wanaofundishwa kufuata nyayo za majangili na kutafuta watu waliopotea. Wale ni mbwa wa kabila la mbali, wana walinzi wao na munganga wao. Mbwa wa Mulekera hatapata hayo, lakini pua yake na masikio yake ni zawadi ya namna moja.

Na ng'ambo ya mpaka, kaskazini ya Uganda, kuna jambo ambalo familia zilizohama zinaweza kulisikia karibu zaidi. Gulu iliteswa kwa miaka mingi na vita vya LRA. Mtu mmoja wa huko, Francis Okello Oloya, alipofuka akiwa na miaka 12, bomu lililokuwa limezikwa ardhini lilipolipuka alipokuwa akilima shambani kwao. Katika shule ya bweni, usiku alipotaka kwenda choo, mbwa wa pale shuleni walianza kumsindikiza. Hakusahau. Alipokuwa mtu mzima na mtaalamu wa saikolojia ya jamii, alianzisha mradi uitwao Comfort Dog Project, pamoja na shirika The BIG FIX Uganda linalotibu wanyama kule. Mradi unaokota mbwa wasio na mtu, unawatibu, unawachanja na kuwahasi, kisha unawapatia watu walionusurika vita ambao bado wanaota ndoto mbaya na kukimbia wenzao. Mtu na mbwa wanafundishwa pamoja. Wakimaliza, wengine wanakwenda kuwaeleza watu namna ya kutendea mbwa vema.

Habari ya Gulu haisemi kwamba mbwa anaponyesha vita. Inasema kwamba mtu aliyepoteza wengi anaweza kuanza tena kwa kujibu kwa ajili ya mmoja. Mjane anayeamka kwa sababu kuna kiumbe kinachongoja maji ana sababu ya kuamka. Kijana aliyeona mambo ya kutisha anaweza kushindwa kuyaeleza kwa munganga au kwa pasta, lakini akatembea na mbwa mpaka mtoni na kurudi akiwa ametulia kidogo.

Kwa hiyo, nyumba inayofikiri kumpokea mbwa aliyeachwa ianze taratibu. Asikamatwe kwa nguvu wala kuzingirwa na watoto. Awekewe maji na chakula kidogo mahali pamoja, saa ile ile, mpaka aje mwenyewe. Afungwe kamba ndefu, kivulini, mbali na njia ya watoto. Munganga wa wanyama au ofisi ya mifugo iulizwe mapema kuhusu chanjo, na karatasi ya chanjo ihifadhiwe. Mbwa akiuma mtu, asiuawe mara moja: afungwe na kuangaliwa siku kumi, huku aliyeumwa amekwisha kwenda kituo cha afya bila kungoja. Mbwa akibaki mzima siku hizo zote, ni habari njema kwa aliyeumwa. Lakini siku kumi hizo si cheti kwa mbwa mgeni, sababu ugonjwa unaweza kulala ndani yake kwa wiki au miezi. Chanjo inabaki ya lazima.

Mbwa anayetoka mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeuma hata mti na mawe, anayepepesuka au aliyebadilika sauti, huyo asishikwe na mtu yeyote. Watoto waingizwe ndani, na shefu wa avenyu na ofisi ya mifugo wapewe habari mara moja.

Mbwa jike anahitaji hesabu nyingine. Anabeba mimba miezi miwili hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Pale ambapo munganga anaweza kuhasi, ni vema kufanya hivyo. Pale ambapo haiwezekani, afungiwe ndani ya uzio majuma matatu ya joto lake. Watoto sita wa mbwa wanaotupwa leo kando ya mto ni mbwa sita wa sokoni mwaka ujao, na hakuna anayejibu kwa ajili yao.

Tena, kabla ya kusema mbwa ni wa nyumba mpya, mwenyewe atafutwe. Redio za mji zinasoma kila siku matangazo ya karatasi zilizopotea, ya mbuzi waliopotea na ya watoto waliotengana na wazazi. Tangazo la mbwa halichukui nusu dakika: rangi yake, alama yake, barabara aliyotokea. Makanisa na misikiti inaweza kutangaza pia. Kwa familia iliyopoteza nyumba, shamba na ndugu, kusikia kwamba mbwa wao yuko hai si jambo dogo.

Viongozi nao wana sehemu yao. Septemba 28, siku aliyokufa Louis Pasteur mwaka 1895, ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ni Pasteur aliyemchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeumwa na mbwa, mwaka 1885. Komini inaweza kuitumia siku hiyo kuwaita wakaaji walete mbwa wao kwa chanjo, hata wale ambao mwenyewe hajulikani, na mashefu wa avenyu waandike nani anajibu kwa ajili ya yupi.

Lakini si lazima kungoja Septemba. Wiki hii, kila avenyu ya Mulekera inaweza kuhesabu mbwa wanaolala bila mwenyewe na kuuliza swali moja tu mbele ya kila mmoja: huyu, nani atajibu kwa ajili yake? Nyumba tatu zikisema «sisi», kuna mlinzi mmoja zaidi usiku, na mtoto mmoja asubuhi ataenda shule bila kushika jiwe mkononi.